Nani Atalipia Dawa Ambayo Bado Haijapatikana?

Shangazi yangu alikuwa mshonaji wa kofia. Kwa miaka zaidi ya 30 alikaa ukumbini juu ya mkeka, miguu ameikunja, akitoboa vitundu vidogo mno kwenye kitambaa cheupe na kuvizungushia uzi, na kofia moja ikimchukua miezi. Jambo la kwanza lililobadilika kwake halikuwa mkono, bali pua. Ijumaa moja nyumba ilijaa moshi wa udi hata watoto wakatoka nje wakikohoa, naye angali anaongeza vipande chetezoni, akilalamika kwamba udi wa siku hizi hauna harufu. Asumini nazo akasema hazinukii. Tukacheka, tukadhani ni mafua.

Miaka ikapita. Kisha kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikaanza kucheza chenyewe, kikisuguana na kidole cha shahada kila mkono ulipotulia pajani, mfano wa mtu anayevuta tasbihi. Wageni walidhani yumo katika dhikri. Mishono ya kofia ikawa midogo na ya kubanana, sauti ikashuka hata kwenye simu asisikike, na uso ukapoteza tabasamu, watu wakamwona ana ghadhabu nao. Mmoja akasema ni husuda. Mwingine akasema ni pepo, apungwe. Katika zahanati moja tuliambiwa ni uzee tu, naye hata miaka 60 hajatimiza. Tulipompata daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, ambaye ilitubidi tumfuate Nairobi, hakuchukua hata nusu saa kulitaja jina: maradhi ya Parkinson.

Akamwandikia vidonge, na baada ya majuma machache mkono ukatulia. Tukamshukuru Mola. Nikamwuliza daktari, je, vidonge hivi vinaponya? Akanijibu kwa upole kwamba vinatuliza tu. Maradhi yenyewe yanaendelea na safari yake chini chini, na dawa ya kuyasimamisha haijapatikana popote duniani. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo katika mabaraza yetu halisikiki: hiyo dawa isiyopatikana, anayeitafuta ni nani, na anayemlipa ni nani?

Tuanze na maradhi. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye chembe za rangi nyeusi, na kazi yake moja ni kutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huwezesha miendo yetu kuwa laini: kuinua kikombe, kugeuka kitandani, kushuka sijida na kuinuka. Katika Parkinson chembe hizo hufa kidogo kidogo. Kabla mkono haujaanza kutetema, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kwenda, na ndiyo maana pua, usingizi na tumbo huweza kutoa habari miaka mingi kabla. Si kila atetemekaye ana Parkinson, wala si kila mwenye Parkinson hutetemeka; wengine hukakamaa tu na kuwa wazito wa mwendo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na maradhi haya, na kwamba idadi hiyo imekua maradufu katika muda wa miaka 25. Si maradhi ya Wazungu, wala si mapya. Ibn Sina aliipa nafasi yake hali ya kutetemeka, ra'sha, katika Qanun. Jina tunalolitumia leo lilitokana na James Parkinson, tabibu wa London aliyeandika kijitabu juu yake mwaka 1817. Lakini kuanzia kijitabu kile, miaka 140 ilipita bila ya dawa ya kutegemewa.

Jinsi dawa ilivyopatikana inafaa kusimuliwa polepole, kwani ndimo lilimo jibu la wale wanaosema utafiti ni kupoteza pesa. Mwaka 1957 huko Sweden, Arvid Carlsson alichukua sungura waliokuwa wamelegezwa kwa dawa hata hawajimudu, akawadunga kitu kiitwacho levodopa, ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini. Sungura wakasimama. Wakati ule wataalamu wengi hawakuamini kwamba dopamini ina kazi yoyote ya maana ubongoni. Mwaka 1960, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz akapima bongo za watu waliofariki wakiwa na Parkinson, akakuta dopamini imepungua vibaya. Mwaka uliofuata yeye na tabibu Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama kwa saa chache. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonyesha kwamba ikimezwa kwa kiasi kinachopandishwa taratibu, nafuu yake hudumu. Carlsson alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Aliyegharimia wale sungura hakujua kwamba anamgharimia mshonaji wa kofia wa Pwani ya Kenya.

Levodopa ile ile, ikichanganywa na kabidopa ili isiharibike kabla ya kufika ubongoni, ndiyo aimezayo shangazi yangu hii leo, nayo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Takriban miaka 60, na bado haijapatikana iliyo bora kuliko hiyo. Nayo ina masharti. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake huwahi kukatika kabla ya saa ya kidonge kinachofuata, na wengine hupatwa na kuchezacheza kwa mwili wasikokuweza kukuzuia. Chakula chenye protini nyingi, kama samaki, nyama au maharagwe, huweza kuizuia isifyonzwe vizuri, basi kidonge hutangulizwa kabla ya chakula. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, aliye na maradhi haya azungumze mapema na daktari wake na sheikh wake. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na kuikata dawa hii ghafla ni hatari kweli kweli. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wazee wakificha vidonge chini ya mto kwa haya ya kula mchana.

Aghalabu anayezibeba saa hizi zote ni mwanamke: binti, mkamwana, au mke ambaye mwenyewe ni mzee. Ndiye anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa, ndiye anayehesabu vidonge vilivyobaki na kuulizia duka la dawa lipi linavyo juma hili.

Yote haya ni ya yule aliyekwisha kutambuliwa. Jirani zetu wa Tanzania walitufumbulia macho katika jambo hili. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa maradhi yao ni nini, na kwa hiyo hawakuwa wamewahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa iliyokwisha kuwepo kwa miaka 40.

Sasa turejee kwenye fedha. Watu wengi hudhani kwamba makampuni ya dawa yatalishughulikia kila jambo. Kampuni hutumia mali yake pale inapotarajia kupata haki ya kuuza dawa peke yake kwa miaka kadhaa. Dawa ikiwa ni ya zamani, haki hiyo imekwisha, na yeyote anaweza kuitengeneza kwa bei nafuu, basi hakuna kampuni yenye hamu ya kugharimia majaribio ya miaka na miaka ili kujua kama dawa hiyo inafaa pia kwa Parkinson. Na ajabu ni kwamba baadhi ya matumaini makubwa ya leo yamo katika dawa za namna hiyo hiyo. Hapo ndipo panapohitajika mtoaji asiyengoja faida.

Nitataja dawa mbili. Ya kwanza ni eksenatidi, dawa ya kisukari iliyotokana na kitu kilichogunduliwa katika mate ya mjusi mkubwa wa majangwa ya Marekani. Mwaka 2017 jaribio dogo la watu wapatao 60 mjini London lilileta bishara njema. Jumuiya za hisani na mfuko wa utafiti wa serikali ya Uingereza wakagharimia jaribio kubwa la watu 194, kwa wiki 96, wengine wakidungwa dawa na wengine sindano isiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2025: hakuna tofauti. Mtu aweza kusema fedha zimemwagika baharini. Mimi sioni hivyo. Lau jaribio lile lisingefanywa, leo wagonjwa katika kila nchi wangekuwa wanauza vipande vya ardhi kununua sindano zisizowafaa. Anayetoa sadaka kwa ajili ya utafiti na ajue tangu mwanzo kwamba ananunua ukweli, na ukweli mara nyingine ni «hapana».

Ya pili ni ambroksoli, dawa ya kulainisha makohozi ambayo katika nchi nyingi huuzwa kwa bei ndogo kama dawa ya kifua. Iligunduliwa kwamba huongeza nguvu ya kimeng'enya fulani kinachosafisha taka ndani ya chembe za mwili, kimeng'enya ambacho kwa wagonjwa wengi wa Parkinson ni dhaifu. Mwaka 2020 jaribio la watu 17 lilionyesha kwamba dawa hii hufika ubongoni. Jaribio kubwa la watu 330, watakaofuatiliwa kwa miaka miwili, limeanza Uingereza. Tafadhali, asitoke mtu hapa akaenda kumnunulia mzazi wake chupa ya dawa ya kikohozi: kipimo kinachojaribiwa ni kikubwa mara nyingi kuliko kile cha kifua, na jibu bado halijapatikana.

Kimeng'enya hicho ndicho kinachotuunganisha sisi na habari hii, kwani urithi wa kukitengeneza umo katika jeni iitwayo GBA1. Hadi mwaka 2019 wanasayansi walikuwa wametambua alama 90 za urithi zinazohusiana na Parkinson, lakini walizitafuta katika damu za watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 kundi lililowajumuisha Njideka Okubadejo wa Lagos na Mie Rizig wa London lilichapisha uchunguzi wa Waafrika na wenye asili ya Afrika: wagonjwa 1,488, wakilinganishwa na watu zaidi ya 196,000 wasio na maradhi. Ikapatikana alama mpya katika jeni hiyo hiyo ya GBA1, alama ambayo kwa Wazungu ni kama haipo. Aliyerithi nakala moja uwezekano wake wa kuugua huongezeka takriban mara moja na nusu, na aliyerithi mbili, mara tatu na nusu. Miaka yote ile ilikuwa imo katika damu zetu, na haikuonekana kwa sababu hakuna aliyetazama.

Waafrika walioshiriki walitoka hasa Nigeria. Nasi watu wa Pwani, ambao katika ukoo mmoja una bibi Mgiriama, babu wa Hadhramaut na mjomba aliyeoa Kutch, tunatazamia nini? Dawa ikija kutengenezwa kwa kufuata alama za urithi, itawafaa wale ambao urithi wao umesomwa. Mfano umo kwa Waislamu wenzetu wa Afrika Kaskazini. Kati ya Waarabu na Waberberi wa huko, sehemu kubwa ya wagonjwa wa Parkinson wana alama katika jeni nyingine iitwayo LRRK2, na alama hiyo hiyo hupatikana sana kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Sergey Brin, mmoja wa waasisi wa Google, aliirithi kwa mama yake aliyekuwa na Parkinson, na alipolijua hilo akatoa mali yake kwa ajili ya utafiti. Tangu hapo ametoa zaidi ya dola bilioni moja. Mwigizaji Michael J. Fox alitambuliwa kuwa na maradhi haya akiwa na miaka 29, akaanzisha mfuko mwaka 2000 ambao umekwisha kutoa zaidi ya dola bilioni 2. Fedha za watu hao, na za serikali zao, ndizo zilizolipia pia sehemu ya uchunguzi ule wa Nigeria. Na tangu mwaka 2022 mradi wa kuboresha matibabu ya Parkinson katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, unagharimiwa na serikali ya Uingereza. Tunashukuru, lakini je, hadi lini?

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote alikuwa ndugu yetu katika imani. Muhammad Ali alifika Kenya mwaka 1980 akiwa bado na sauti yake. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, akatambuliwa kuwa na Parkinson. Mwaka 1996 dunia nzima ilimtazama akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta kwa mkono unaotetema, asiufiche. Jina lake limepewa kituo cha matibabu na utafiti wa Parkinson huko Phoenix. Miongoni mwetu wanaolijua hilo ni wachache kuliko wanaojua alimpiga nani raundi ya ngapi.

Wapo wanaoniambia kwamba dawa tunayo mashambani. Wanakusudia upupu. Ni kweli: mbegu za upupu, ule mmea ambao vinyweleo vyake humwasha mtu akatamani kujichuna ngozi, zina levodopa ya asili, na India zimetumika katika tiba tangu zamani. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa Bolivia, ambako wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu hizo, na dozi moja ikafanya kazi vizuri kama kidonge. Lakini walipojaribiwa wagonjwa 14 kwa matumizi ya kila siku, nusu yao waliacha, kwa sababu ya kuchafukwa na tumbo au hali kurudi nyuma. Hivyo mbegu ni ya kweli, kipimo chake ndicho kinachohitaji kutafutwa, na kukitafuta pia ni utafiti wenye gharama. Mganga anayekuuzia kwenye chupa hajui wala hawezi kujua mna levodopa kiasi gani ndani yake.

Basi tuna nini mkononi? Tuna wakfu. Tumeuzoea katika nyumba, maduka na mashamba ya minazi ambayo mapato yake huenda kwa misikiti, visima na madrasa, na tumeusahau katika tiba. Inasimuliwa kwamba Qalawun, kabla ya kuwa sultani, aliugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali iliyojengwa na Nur al-Din Zangi. Akaweka nadhiri, na mwaka 1284 akajenga Cairo hospitali yake kubwa kwa mali ya wakfu, ikitibu tajiri na maskini, wanaume na wanawake, na kusomesha matabibu. Ibn al-Nafis, aliyekuwa wa kwanza kueleza jinsi damu inavyopita mapafuni, alipofariki mwaka 1288 aliiusia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake vyote. Kwa wanazuoni wale hospitali na elimu vilikuwa mlango mmoja wa sadaka yenye kuendelea.

Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Qur'ani, na sheikh wako ndiye wa kumwuliza juu yake. Wakfu na sadaka ya hiari milango yake ni mipana zaidi. Sisemi kwamba kodi ya duka moja la Mombasa itagundua dawa ya Parkinson. Lakini yaweza kulipa nauli za wagonjwa wa Lamu au Kwale wanaokubali kushiriki katika uchunguzi, yaweza kumsomesha muuguzi mmoja aitambue Parkinson asiseme ni uzee, au kumlipia kijana wetu mmoja wa shahada ya uzamili achunguze urithi wa watu wa Pwani. Tume ya Wakfu ya Kenya ipo, yafaa kuulizwa jambo kama hili linawekwaje katika hati. Na vyama vya akina mama vinavyoweza kuchangishana sufuria na samani za harusi haviwezi kushindwa na nauli hizo.

Mwenye kutoa, au mwenye kualikwa kushiriki, ana haki ya kuuliza. Kila utafiti juu ya watu nchini Kenya sharti uwe na idhini ya kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, omba uonyeshwe. Uliza damu itahifadhiwa wapi, na matokeo yatarudishwaje kwenu. Na anayekudai maelfu ya fedha ili akuingize katika «jaribio la tiba mpya» hafanyi utafiti, anauza.

Nilimsomea shangazi rasimu ya makala haya baada ya Alasiri, kidonge kikiwa kimeanza kufanya kazi. Alinikatiza kwenye habari za Nigeria, akauliza kwa ile sauti yake ndogo kama damu ya mwanamke wa Pwani wataitaka. Nikamwambia nitauliza. Barua nimekwisha ipeleka, tunangoja jibu.